Kwa Nini Roketi za Majaribio Hulipuka

Tarehe 9 Desemba 2020, roketi ya majaribio iliyoundwa kwa chuma kisichoshika kutu iliruka kutoka Boca Chica, katika pwani ya jimbo la Texas, Marekani. Urefu wake ulikuwa yapata futi 160, na ndani yake hamkuwa na mtu. Watazamaji waliosimama mbali, maili kadhaa kutoka hapo, waliiona ikipanda polepole mpaka futi 41,000, ikazima injini zake moja baada ya moja, ikalala ubavu na kuanguka kama ubao. Ilipokaribia ardhi iliwasha injini tena ili isimame wima, lakini ikagonga chini kwa nguvu na kulipuka. Safari nzima haikutimia dakika saba. Muda mfupi baadaye mwenye kampuni, Elon Musk, aliwapongeza mafundi wake.

Mtu asiyejua mambo ya roketi huona ajabu. Mali nyingi imeteketea mbele ya macho ya watu, na mwenye mali anafurahi! Je, huo ni ubadhirifu, au kuna hekima ndani yake? Ili kulijibu swali hili yafaa kwanza kueleza jinsi roketi ifanyavyo kazi, kisha kutazama baadhi ya ajali zilizochunguzwa mpaka chanzo chake kikajulikana.

ROKETI HURUKAJE

Roketi haishiki hewa kwa mabawa kama eropleni, wala haisukumi ardhi. Mtu aliye katika mtumbwi mwepesi akiruka majini kwa upande wa nyuma, mtumbwi huenda mbele. Vivyo hivyo roketi hutupa nyuma gesi yenye moto kwa kasi kubwa mno, nayo yenyewe husukumwa mbele. Kwa sababu hiyo yaweza kwenda hata mahali pasipo na hewa yo yote.

Lakini moto hauwaki pasipo oksijeni. Basi roketi hubeba mafuta, na pamoja nayo hubeba oksijeni ya kuyachomea. Oksijeni hiyo hupozwa mpaka ikawa maji, na baridi yake hufikia digrii 183 za sentigredi chini ya ile ya barafu. Umbali wa hatua chache kutoka hapo, ndani ya injini, joto hufikia yapata digrii 3,000. Kati ya baridi hiyo na joto hilo kuna mabomba, pampu na valvu nyingi, na kila kimoja hakina budi kutenda kazi yake kwa wakati wake.

Tena, uzito wa roketi kubwa karibu wote ni mafuta na oksijeni. Katika kila ratili mia, themanini na tano au tisini ni vitu vya kuchomwa. Mwili wa chombo, injini na mzigo hugawana zile zilizobaki. Mjenzi wa daraja aweza kulifanya liwe na nguvu mara mbili au tatu kuliko inavyohitajiwa, asipate hasara ila ya fedha. Mjenzi wa roketi akifanya hivyo, roketi yake haitaondoka chini. Kwa hiyo hulazimika kujenga kwa wembamba, na kosa dogo ambalo gari la moshi lingelistahimili kwa miaka, roketi haiwezi kulistahimili hata kwa dakika moja.

Mafundi hujaribu kila kitu wawezacho kabla ya kuruka. Injini hufungwa imara katika mtambo na kuwashwa. Matangi hujazwa mpaka yapasuke, ili kujua mwisho wa nguvu zake. Lakini hapana karakana iwezayo kuleta mtikisiko, upepo, baridi, joto na kusukasuka kwa mafuta vyote kwa mara moja, kama vitokeavyo angani. Mambo mengine hujulikana kwa kuruka tu.

MAJARIBIO MATANO YA TEXAS

Roketi ile ya Desemba ilikuwa ya kwanza kati ya tano zilizorushwa juu sana kwa muda wa miezi mitano. Habari zake zaonyesha wazi jinsi kosa moja linavyofuatwa na jingine.

Katika jaribio la kwanza, tangi dogo lililotunza mafuta ya kutulia lilikuwa na msukumo hafifu. Injini zikakosa mafuta ya kutosha, na roketi ikafika chini kwa kasi iliyozidi. Hata hivyo mafundi walikwisha kuona kwamba chombo kikubwa namna ile chaweza kuanguka kwa ubavu na kuongozwa mpaka juu ya mahali pake. Hilo ndilo jambo walilotaka kulijua kuliko yote, na ndiyo sababu ya pongezi zile.

Jaribio la pili, tarehe 2 Februari 2021, lilishindwa kwa sababu nyingine. Injini mbili zilipaswa kuwaka ili roketi isimame wima. Moja haikuwaka sawasawa, na chombo kikaanguka mshazari. Basi ikaamuliwa kwamba tangu hapo injini zote tatu ziwashwe, kisha isiyohitajiwa izimwe.

Jaribio la tatu, tarehe 3 Machi 2021, lilipendeza zaidi. Roketi ilisimama chini, na watazamaji wakashangilia. Baada ya dakika nane hivi ikalipuka pale pale iliposimama, kwa kuwa ilitua kwa kishindo ikaumia upande wa chini. Injini ilikuwa imepungukiwa na nguvu. Musk alieleza kwamba yaelekea gesi ya heliamu ilichanganyika na mafuta yaliyoingia katika injini. Na heliamu hiyo ilitiwa katika tangi kwa nini? Ilitiwa ili kuondoa kosa la jaribio la kwanza! Dawa ya ugonjwa mmoja ilikuwa imezaa ugonjwa mwingine, jambo ambalo waganga wanalijua sana.

Jaribio la nne, tarehe 30 Machi, lilifanywa katika ukungu. Watazamaji hawakuona kitu. Walisikia mlipuko, kisha vipande vya chuma vikaanguka. Mafuta yalikuwa yamevuja na kuwaka karibu na injini. Jaribio la tano, tarehe 5 Mei 2021, liliruka, likatua, likasimama. Moto mdogo ulionekana chini yake, ukazimika.

Roketi nne ziliharibika kwa sababu nne mbalimbali, na hapana iliyoharibika kwa sababu iliyokwisha kujulikana. Hiyo ndiyo alama ya kazi iendayo mbele. Wahunzi wana methali yao: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

NATI, SEKUNDE NA TARAKIMU

Watu hudhani kwamba jambo kubwa huharibiwa na sababu kubwa. Katika roketi mambo si hivyo. Yafuatayo ni mambo matatu madogo yaliyoangusha roketi tatu.

La kwanza ni nati. Tarehe 24 Machi 2006, kampuni ile ile ilirusha roketi yake ya kwanza, Falcon 1, kutoka kisiwa kidogo cha Omelek katika bahari ya Pasifiki. Mafuta yakavuja, moto ukawaka, na baada ya nusu dakika hivi injini ikazimika na roketi ikaanguka karibu na kisiwa. Mwanzoni lawama ilimwangukia fundi aliyeshughulikia bomba siku ya kuamkia safari. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba nati moja ya aluminiamu katika bomba la mafuta ilikuwa imeliwa na hewa ya chumvi ikapasuka. Mtu ye yote aishiye pwani ajua chumvi ya bahari ifanyavyo kwa bati la paa na kwa baiskeli. Nati ile ilikuwa imekaa katika hewa hiyo. Tangu hapo nati za chuma kisichoshika kutu zikatumiwa mahali pake. Haya yaonyesha pia faida ya kuchunguza mpaka mwisho: lau uchunguzi ungalikomea kwa fundi, nati nyingine ya namna ile ile ingaliwekwa katika roketi ya pili.

La pili ni sekunde chache. Roketi kubwa huundwa kwa vipande vilivyopangwa kama pingili za muwa. Pingili ya chini ikimaliza mafuta yake huachwa ianguke, na ya juu huwasha injini yake na kuendelea. Tarehe 3 Agosti 2008, Falcon 1 ya tatu ilifika mahali pa kuachana. Injini ya chini ilizimwa, lakini mabaki ya nguvu yake yakaendelea kusukuma kidogo, na pingili ya chini ikaigonga ile ya juu kwa nyuma. Dawa yake ilikuwa ni kungoja zaidi kidogo kabla ya kuachana. Tarehe 28 Septemba mwaka ule ule roketi ya nne ikarushwa, ikafika na kuzunguka dunia.

La tatu ni tarakimu. Tarehe 4 Juni 1996, roketi mpya ya nchi za Ulaya, Ariane 5, iliruka kutoka Kourou katika Guiana ya Kifaransa ikiwa na setilaiti nne za wanachuoni. Baada ya sekunde 37 hivi ikapinda ghafula, ikavunjika na kulipuka. Sehemu ya maagizo ya kompyuta yake ilikuwa imechukuliwa kutoka roketi iliyotangulia, Ariane 4, ambayo ilikuwa imetenda kazi vema. Katika maagizo hayo palikuwa na nafasi ya hesabu isiyozidi 32,767. Roketi mpya ilikwenda kwa kasi zaidi, na hesabu ikapita kiasi cha nafasi yake. Kompyuta ikasimama. Palikuwa na kompyuta ya akiba, lakini nayo ilikuwa na maagizo yale yale, ikasimama kwa kosa lile lile. Na lililo la kusikitisha zaidi ni kwamba hesabu ile haikuwa na kazi yo yote baada ya roketi kuondoka chini.

KWA NINI WATAZAMAJI HUWEKWA MBALI

Siku ya jaribio barabara hufungwa, mashua huonywa, na ndege hukatazwa kupita. Watazamaji wengine hunung'unika kwamba hawaoni vizuri. Wangejua habari zifuatazo, wasingenung'unika.

Tarehe 24 Oktoba 1960, katika uwanja wa Baikonur huko Kazakhstan, Warusi walikuwa wakitengeneza kasoro katika roketi mpya ya kijeshi iliyokwisha kujazwa mafuta. Ilipasa mafuta yatolewe kwanza, lakini wakubwa walitaka irushwe upesi. Watu wengi walikuwa juu yake na kando yake, na Marshal Mitrofan Nedelin, mkuu wa majeshi ya roketi, aliketi karibu ili kuwahimiza. Kwa ghafula injini ya pingili ya pili ikawaka na kutoboa tangi lililokuwa chini yake. Makumi ya watu waliungua wakafa, na Nedelin mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Serikali ilitangaza kwamba alikufa katika ajali ya ndege. Habari za kweli hazikutolewa kwa watu wa nchi ile mpaka mwaka wa 1989. Na tarehe 22 Agosti 2003, huko Alcântara katika Brazil, injini moja iliwaka kabla ya siku yake, ikaua watu 21 waliokuwa wakiitayarisha roketi.

Kwa hiyo mahali pazuri pa kurushia roketi ni pwani, ili kiangukacho kianguke baharini. Jambo hili si geni Kenya. Katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, Waitaliani walisimamisha majukwaa ya chuma ndani ya bahari. Roketi ilisimama juu ya jukwaa la San Marco, na watu walioiongoza walikaa katika jukwaa jingine lililokuwa mbali kidogo, nyaya zikipita katikati. Mahali pale palichaguliwa kwa kuwa mashariki yake ni bahari tupu, na kwa kuwa karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya maili 1,000 hivi kwa saa, nayo roketi hupata msaada wa mwendo huo. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967, na ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Iliyo mashuhuri kuliko zote, ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Kenya, ikapewa jina la Uhuru.

Pamoja na umbali, roketi nyingi huwa na baruti ya usalama, ili zikipotea njia zivunjwe angani kabla ya kuwafikia watu. Hata baruti hiyo yahitaji kujaribiwa. Tarehe 20 Aprili 2023 roketi kubwa ya Starship, yenye injini 33, iliruka kutoka Boca Chica ikapoteza mwelekeo. Baruti yake ikalipuka, lakini roketi ilichukua muda mrefu kuvunjika kuliko ilivyotazamiwa. Tena moto wa injini ulifukua saruji chini ya jukwaa, na vumbi likaangukia mji ulio maili kadhaa kutoka hapo. Serikali ya Marekani iliiamuru kampuni itengeneze mambo 63 kabla ya kuruka tena.

MACHO YATAZAME NINI

Mtu akibahatika kutazama jaribio, hata katika sinema au televisheni, yako mambo machache yatakayomsaidia kufahamu aonalo. Wingu jeupe litokalo ubavuni kabla ya kuruka si moshi. Ni mvuke wa hewa uliogandishwa na baridi ya oksijeni, wala hauna hatari. Moto wenye rangi ya kijani ni dalili mbaya, kwa maana shaba iliyo ndani ya injini inaungua. Moto huo ulionekana Desemba 2020 muda mfupi kabla ya roketi kugonga chini. Tena macho hutangulia masikio: sauti huchukua yapata sekunde tano kwenda maili moja, na mtu aliye maili tano kutoka hapo huona mlipuko katika kimya, kisha baada ya sekunde 24 hivi husikia kishindo chake.

USHINDI UFICHAO KOSA

Imekwisha kuonekana kwamba roketi ilipukayo katika jaribio hutoa habari. Lakini je, roketi irudiyo salama haina kosa? Hapa ndipo penye hatari iliyo kubwa kuliko zote.

Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Marekani kiitwacho Challenger kilivunjika sekunde 73 baada ya kuondoka, na watu saba waliokuwa ndani, mmoja wao mwalimu wa shule, walikufa wote. Roketi zilizokuwa ubavuni mwake ziliunganishwa kwa vipande, na katika maungo yake mliwekwa mapete ya mpira ili gesi ya moto isipenye. Asubuhi ile palikuwa na barafu. Mpira ukawa mgumu, na gesi ikapenya. Baadaye Richard Feynman, bingwa wa fizikia, alikibana kipande cha mpira ule na kukitia katika maji ya barafu mbele ya baraza la uchunguzi. Alipokiachilia, hakikurudia umbo lake upesi. Watu wote wakafahamu.

Lakini mapete hayo hayakuanza kuharibika siku ile. Yalikuwa yameonekana yameunguzwa tangu mwaka wa 1981. Kwa kuwa safari 24 zilirudi salama, wakubwa walizoea alama zile, wakaziona ni jambo la kawaida. Usiku wa kuamkia safari wahandisi walisema kwamba baridi itakuwa hatari, wasisikilizwe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huu ulijengwa: maungo yakaundwa upya, na safari hazikuanza tena mpaka Septemba 1988. Lakini waliokufa hawakurudi.

Basi, habari za roketi iliyolipuka zikisomwa katika gazeti, yafaa kuuliza maswali matatu. Je, walikuwamo watu ndani yake, au karibu nayo? Je, chanzo kilitafutwa mpaka kikapatikana, na kikatangazwa? Je, kosa hili ni jipya, au ni lile lile la zamani? Majibu yakiwa ni kwamba hapana mtu aliyeumia, chanzo kimejulikana, na kosa ni jipya, kazi yaendelea vema ingawa chuma kimeteketea. Roketi za Starship zilipotea tena tarehe 16 Januari na 6 Machi 2025, vipande vyake vikianguka upande wa visiwa vya Karibiani na ndege za abiria zikilazimika kubadili njia. Watu wengi waliuliza swali lile la tatu. Kampuni ilijibu kwamba chanzo cha ajali ya pili kilikuwa kingine. Swali lilikuwa la haki, na litafaa kuulizwa kila mara, hasa kabla ya siku ambayo ngazi italetwa na watu wakapanda ndani.